Kunakili si Kuandika: Mazungumzo juu ya Kuwafundisha Watoto Lugha

Mazungumzo yetu ya leo ni juu ya jambo ambalo kila mzazi hudhani analijua, na kila mwalimu hudhani amekwisha kulitimiza, nalo ni kumfundisha mtoto kuandika. Twawaomba walimu watutegee sikio, na wazazi pia, hata wale wasiojua kusoma ambao watasomewa maneno haya na watoto wao. Maana katika kazi hii mzazi ana fungu lake, nasi tutalionyesha mwishoni.

Kwanza tusimulie kisa. Wakati mmoja tulikuwa tukifundisha darasa la pili katika shule ya kijiji. Tuliandika ubaoni mistari mitano, tukawaamuru watoto wainakili. Katika kuandika tulikosea neno, tukalifuta kwa kiganja, likabaki doa jeupe katikati ya mstari wa tatu. Basi alikuwako mtoto mmoja ambaye mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wa wenziwe wote. Tulipolitazama daftari lake tuliona mistari mitano imenyoka, herufi zimesimama kama askari katika gwaride, na katikati ya mstari wa tatu mtoto yule amelichora na lile doa. Tukamwuliza, "Hapa pameandikwa nini?" Akainama. Tukamwonyesha neno moja, kisha la pili, kisha la tatu; hakulijua hata moja. Na sisi kwa muda wa miezi mitatu tulikuwa tukimpa kumi juu ya kumi.

Mtoto yule hakuwa mjinga. Alifanya sawasawa tulivyomwamuru: tulimwambia achore, akachora. Mjinga tulikuwa sisi, tuliodhani kwamba kunakili ndiko kuandika. Kunakili ni kazi ya jicho na mkono. Kuandika ni kusema kwa kalamu. Na mtu hawezi kusema kwa kalamu neno ambalo hana kichwani. Hili ndilo jambo moja tutakalo kulieleza leo, pamoja na kazi ambazo mwalimu aweza kuzifanya darasani bila ya gharama kubwa.

MTOTO WA KIBINGO AFIKAPO SHULENI

Tuchukue mfano wa Kibingo. Hiyo ni kata katika Wilaya ya Kyerwa, mkoa wa Kagera, wilaya ambayo mwaka 2012 ilitengwa na Wilaya ya Karagwe. Wenyeji wa huko ni Wanyambo, watu wa migomba, maharagwe na kahawa. Mtoto azaliwaye huko husikia Kinyambo tangu yu mgongoni mwa mama yake. Kiswahili hukisikia dukani, mnadani, katika redio na mahali pa ibada, lakini mara nyingi si lugha ambayo kwayo amebembelezwa wala kukemewa. Kisha siku moja huvaa sare, hufika shuleni, na tazama, kila kitabu ni cha Kiswahili.

Tangu mwaka 1967 serikali ya Tanzania ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia katika shule zake za msingi. Jambo hilo limetuletea faida kubwa, maana leo mtu wa Kyerwa na mtu wa Kilwa hukutana wakaelewana siku hiyo hiyo. Lakini tusisahau kwamba mtoto wa Kibingo hubebeshwa mizigo miwili kwa mara moja: hujifunza lugha, na hujifunza herufi. Mtoto wa Unguja hubeba mzigo mmoja tu.

Wakubwa wa elimu wameliona jambo la kusoma na kuandika. Mwaka 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulibadilishwa, ili kusoma, kuandika na kuhesabu, yaani zile KKK tatu, zitangulie masomo mengine. Mwaka 2016, elimu ilipotolewa bila ada wala michango ya lazima, watoto wengi waliingia shule. Ni heri kubwa. Lakini mwalimu mwenye watoto themanini au zaidi mbele yake hushawishika kuwapa kazi ya kunakili, kwa sababu kunakili hulinyamazisha darasa. Twamwelewa. Hata hivyo darasa lililo kimya si lazima liwe darasa linalojifunza.

Tena mtoto huyu haji mikono mitupu. Anayo lugha kamili kinywani. Nyumbani husema omuntu, abantu. Shuleni ataambiwa mtu, watu. Husema omuti, emiti. Ataambiwa mti, miti. Husema ekintu, ebintu. Ataambiwa kitu, vitu. Husema omwana, abaana. Ataambiwa mwana, wana. Angalieni jinsi lugha hizi zilivyo ndugu! Mtoto wa miaka saba tayari ajua, bila kufundishwa na mtu, kwamba neno hubadilika mbele likiwa moja au mengi, na ya kwamba maneno mengine hulifuata kama ndama amfuatavyo mama yake. Mwalimu amwambiaye, "Sahau Kinyambo chako," amemwambia abomoe msingi ili ajenge nyumba. Afadhali amwonyeshe: "Kwenu mwasema hivi, Kiswahili chasema hivi, tazama yanavyofanana, na tazama yanapoachana."

KAZI YA KWANZA: KUSEMA KABLA YA KUANDIKA

Neno lisilopita kinywani halifiki kwenye kalamu. Kwa hiyo kazi ya kwanza haihitaji hata daftari. Mwalimu ashone mfuko wa kitambaa, au atwae kikapu. Kila siku watoto watatu walete kitu kutoka nyumbani: mmoja punje za kahawa, mmoja kigae cha chungu, mmoja unyoya wa kuku. Kila mtoto asimame mbele ya wenzake, atoe kitu chake, aseme sentensi tatu: hiki ni nini, nimekitoa wapi, na chafaa kwa kazi gani. Kisha wenzake wamwulize maswali mawili.

Mwanzoni mtoto atasema kwa shida, na atachanganya Kinyambo ndani yake. Asikatizwe. Amalize kwanza, halafu mwalimu airudie sentensi yake kwa Kiswahili kilichonyoka, bila kumwaibisha. Mtoto akisema, "Hii unyoya nimetoa kwa kuku," mwalimu aseme, "Naam, unyoya huu umeutoa kwa kuku. Je, kuku huyo ni wa rangi gani?" Hivyo mtoto husikia jinsi isemwavyo, naye huona kwamba mwalimu alitaka kujua habari za kuku wake, si kumkamata makosa.

KAZI YA PILI: SIKIO LITANGULIE

Zipo sauti za Kiswahili ambazo Kinyambo hakina. Sauti za dh, th na gh zilikuja pamoja na maneno ya Kiarabu, na mtoto wa Kibingo hana budi kuzifundishwa moja moja. Tena katika Kiswahili r na l ni herufi mbili mbalimbali, wala haiwezekani kuweka moja mahali pa nyingine. Mwenye kuomba kalamu ataka kuandika. Mwenye kuomba karamu ataka kula pilau. Mwenye kuuliza mahali ataka kujua njia. Mwenye kuuliza mahari ana mchumba.

Watoto wakisikia mifano hii hucheka, na kicheko ni msaidizi mzuri wa kumbukumbu. Basi mwalimu afanye mchezo huu. Awaambie: "Nikisema kalamu, inueni mkono kana kwamba mwaandika. Nikisema karamu, pigeni makofi." Kisha aseme neno moja moja, mara hili, mara lile, na asiwaonyeshe midomo yake. Baada ya siku chache aongeze kula na kura, hali na hari, thamani na samani, dhana na zana. Masikio yakisha kuzizoea sauti, watoto wenyewe waje mbele kuwa walimu wa mchezo. Dakika kumi za kila siku zatosha. Mtoto asiyesikia tofauti hawezi kuiandika, hata akinakili neno hilo mara mia.

KAZI YA TATU: NENO LA MTOTO MWENYEWE

Katika nchi ya New Zealand alikuwako mwalimu mmoja, Sylvia Ashton-Warner, aliyewafundisha watoto wa Kimaori. Watoto hao nao walitoka nyumba zenye desturi na lugha yao, wakakuta vitabu vilivyotungwa kwa ajili ya watoto wengine. Mwalimu huyu alimwuliza kila mtoto, "Leo wataka neno gani?" Mtoto alipolitaja, aliliandika kwa herufi kubwa juu ya kipande cha karatasi ngumu, akampa liwe mali yake. Kesho yake aliwaita wasome maneno yao. Neno ambalo mtoto hakulikumbuka lilitupwa, maana halikuwa neno lake kweli. Alieleza habari hizi katika kitabu chake cha mwaka 1963.

Jambo hili laweza kufanyika Kibingo kwa katoni za sabuni. Mwalimu azikate vipande vya upana wa kiganja, atoboe tundu pembeni, na kila mtoto afunge vipande vyake kwa kamba ya mgomba. Mmoja atataka neno ng'ombe, kwa sababu baba yake amenunua ng'ombe. Mwingine atataka shangazi, kwa sababu shangazi amekuja. Mwingine atataka radi, kwa sababu jana aliogopa. Katika darasa kubwa mwalimu hawezi kuwafikia wote kwa siku moja. Awagawe makundi matano, kila kundi na siku yake. Mwisho wa muhula mtoto atakuwa na tita la maneno ambayo hakuna awezaye kumnyang'anya.

Maneno hayo ndiyo yatumike kufundishia silabi. Kiswahili kina heri hii, kwamba huandikwa kama kisemwavyo. Watoto walipigie makofi neno ndizi: ndi-zi, makofi mawili. Kahawa: ka-ha-wa, matatu. Mtoto: m-to-to, matatu pia, na hapo wengi hushangaa, maana ile m ya mwanzo yasimama peke yake. Kisha wachukue silabi moja, tuseme wa, watafute maneno mengine yenye wa: mvuwa hapana, mvua, mwalimu awaonyeshe kwamba hapo sikio limewadanganya kidogo. Watoto wasio na daftari waandike mchangani kwa kijiti. Mchanga haumalizi kurasa, na kosa lake hufutika kwa kiganja bila kuacha doa.

KAZI YA NNE: KUTOKA NJE NA KURUDI NA HABARI

Kazi hii ndiyo tuipendayo kuliko zote. Mwalimu mmoja Mfaransa, jina lake Célestin Freinet, alijeruhiwa pafu katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918. Aliporudi kufundisha, hakuweza kusema kwa muda mrefu mbele ya darasa. Basi akawatoa watoto nje, wakaenda kutazama mashamba na mafundi wa kijiji. Na waliporudi, wao ndio waliosema na kuandika. Baadaye alipata mtambo mdogo wa kupigia chapa, watoto wakapiga chapa maandishi yao wenyewe. Udhaifu wa mwalimu ukawa nguvu ya wanafunzi.

Sisi hatuhitaji mtambo. Tuseme ni msimu wa kahawa. Mwalimu awachukue watoto hadi shamba la jirani, kwa ruhusa ya mwenyewe, wakae nusu saa. Awape kazi tatu: tazameni, guseni, ulizeni. Wakirudi, awaulize, "Tumeona nini?" Mmoja atasema, "Buni ziko nyekundu." Mwingine, "Zingine ziko kijani." Wa tatu atasema, "Chungu ameuma yeye," akimwonyesha mwenzake. Hapo mwalimu asiandike upesi. Aulize darasa, "Nani atalisema hilo kwa Kiswahili kizuri zaidi?" Watabishana, na kubishana huko ndiko kujifunza. Mwishoni ubaoni patakuwa na maneno kama haya:

Leo tumekwenda shambani. Buni nyingine ni nyekundu, nyingine ni za kijani. Chungu amemwuma mwenzetu mguuni. Amelia kidogo, kisha amecheka.

Sasa ndipo kazi ya kuandika inapoanza. Mwalimu aulize: "Mtu ambaye hakuwako, je, ataelewa? Shamba gani? Kwa nini chungu alimwuma?" Mtoto mmoja atajibu, "Alishika tawi lenye chungu." Basi sentensi hiyo itiwe mahali pake. Watoto huona kwa macho yao kwamba maandishi si jiwe. Yaweza kupangwa upya, kuongezwa, na kupunguzwa. Ni somo kubwa, na kunakili hakuwezi kulifundisha kamwe.

Halafu mwalimu afute neno moja, watoto wasome mistari yote pamoja na lile lililofutwa. Afute la pili, wasome tena. Aendelee hivyo mpaka ubao ubaki na maneno machache tu, nao bado wasoma yote. Mwisho afute ubao mzima, aseme, "Haya, kila mtu aandike habari ya safari yetu, na aongeze jambo moja aliloliona yeye peke yake." Makosa yatakuwapo. Lakini kila daftari litakuwa na sentensi moja ambayo haimo katika daftari jingine lolote, nayo ndiyo mwalimu aisome kwanza.

KAZI YA TANO: VITENDAWILI NA BARUA

Kwa madarasa ya tatu na ya nne kuna kazi mbili zaidi. Ya kwanza ni vitendawili. Mtoto amwendee bibi yake jioni, asikilize kitendawili kwa Kinyambo, kesho akitege darasani kwa Kiswahili. Akisha kuzoea, atunge chake. Mwalimu awape kitu, waeleze bila kukitaja. Wakipewa mgomba, mtoto mmoja ataweza kutega hivi: "Mama yangu huzaa mara moja tu akafa, lakini nyumba yake haikosi watoto." Kutunga maneno hayo kwataka kutazama vizuri, na kuchagua maneno machache yanayotosha. Kadhalika mwalimu awatume kuwauliza wazee jina la Kibingo limetoka wapi, nao waandike majibu, hata yakiwa mbalimbali. Mtoto ataona kwamba mambo ya kijijini kwake yafaa kuandikwa.

Ya pili ni barua. Darasa la Kibingo liandikiane na darasa la pwani, tuseme la Pemba. Watoto wa Kibingo wajua kahawa. Wa Pemba wajua karafuu. Wa Kibingo watauliza, "Je, karafuu zenu huanikwa juani juu ya majamvi kama buni zetu?" Wa Pemba watauliza, "Ndizi mbivu mwazila vipi, na ndizi za kupika ni zipi?" Barua ya namna hii humfanya mtoto aandike kwa uangalifu pasipo kuamrishwa, kwani msomaji yuko mbali, hawezi kumwuliza. Hapo ndipo nukta, mkato na herufi kubwa huonekana kuwa na kazi, wala si ukaidi wa mwalimu. Freinet naye alifanya vivyo hivyo, shule yake ikapelekeana maandishi na shule ya mbali.

JUU YA KUSAHIHISHA

Walimu wengi husahihisha kwa wino mwekundu mpaka ukurasa ukaonekana kama uliochinjiwa kuku. Mtoto akiona hivyo hujifunza jambo moja tu: aandike kidogo ili akosee kidogo. Sisi twashauri hivi. Kila juma lichaguliwe kosa moja la kupigana nalo. Juma hili ni r na l. Juma lijalo ni herufi kubwa. La tatu ni upatanisho, kitabu changu, vitabu vyangu. Makosa mengine yaachwe kwanza, zamu yao itakuja. Tena watoto wabadilishane madaftari wawili wawili, wasomeane kwa sauti. Mara nyingi mtoto huligundua kosa lake mwenyewe anapolisikia. Haba na haba hujaza kibaba.

Kwa mwalimu mwenye darasa kubwa, juma laweza kupangwa hivi. Jumatatu ni siku ya mfuko wa vitu na kusema. Jumanne ni mchezo wa sauti na silabi. Jumatano ni kutoka nje, na kutunga pamoja ubaoni. Alhamisi kila mtoto huandika peke yake. Ijumaa ni kusomeana na kusahihisha, na maandishi matano hubandikwa ukutani, kila juma ya watoto wengine, hata mwisho wa muhula pasiwe na mtoto ambaye kazi yake haikupata ukuta. Kunakili kuwepo pia, lakini kwa dakika chache, kwa ajili ya mwandiko mzuri, na kwa maneno ambayo mtoto amekwisha kuyaelewa.

KWA NINI JAMBO HILI NI ZITO

Labda msomaji atasema, "Haya ni michezo ya watoto, mbona mwayakuza?" Tumjibu kwa habari ya watu wazima.

Mwaka 1968 serikali ya Tanzania, pamoja na shirika la UNESCO, ilianza huko Mwanza mradi wa kuwafundisha watu wazima kusoma katika mikoa ya Ziwa: Mwanza, Mara, Shinyanga, na Ziwa Magharibi ambao sasa ni mkoa wa Kagera. Watengenezaji wa mradi ule hawakuwapa wakulima vitabu vya watoto. Walitunga vitabu vya pamba kwa walimao pamba, vya ndizi kwa wenye migomba, vya uvuvi kwa wavuvi, na vya ng'ombe kwa wafugaji. Watu wazima walijifunza herufi kwa mambo ya kazi zao. Kisha, ili wasisahau walichokipata, likatolewa huko Mwanza gazeti la vijijini lililoitwa Elimu Haina Mwisho. Basi ikiwa mtu mzima husoma upesi akianzia katika mambo yake, mtoto je?

Na tazameni hasara ya kukosa. Katika mkoa wa Kagera kuna biashara iitwayo butura. Mkulima aliyebanwa na shida huuza kahawa ingali changa mtini, kwa fedha kidogo. Ikiiva, mnunuzi huja kuichukua yote. Serikali imeikataza biashara hiyo, na sababu yake kubwa ni umaskini, si ujinga wa kusoma peke yake. Lakini mtu awekewapo karatasi mbele yake, naye hawezi kuisoma, hutia dole gumba juu ya maneno asiyoyajua. Na ikitokea ugomvi, karatasi ile ndiyo inayosema, yeye hana la kujibu. Yule mtoto aliyechora doa, kama tungalimwacha vile, angalikuwa mtu wa dole gumba mwenye mwandiko mzuri.

Kwa hiyo katika madarasa ya juu mwalimu aongeze kazi hii: watoto waandike stakabadhi. Mmoja awe mkulima, mmoja mnunuzi. Waandike jina la muuzaji, jina la mnunuzi, kilo ngapi, bei ya kilo moja, jumla, tarehe, na sahihi za wote wawili. Kisha mtoto wa tatu aisome kwa sauti, atafute lililokosekana. Mara nyingine mwalimu aandike stakabadhi yenye hila ndani yake, kilo zimepunguzwa au tarehe imeachwa, awaambie, "Msitie sahihi mpaka mmeisoma." Mtoto mwenye desturi hii atawasaidia wazazi wake hata kabla hajamaliza shule.

FUNGU LA WAZAZI

Sasa tumefika kwa wazazi, kama tulivyoahidi. Mzazi asidhani kwamba, kwa kuwa hajui kusoma, hana la kufanya. Ayapo manne.

La kwanza, zungumza na mtoto wako Kinyambo kizuri, umsimulie hadithi, umwulize habari, umwache akujibu kwa kirefu. Mtoto ajuaye kusimulia katika lugha moja hujifunza upesi kusimulia katika lugha ya pili.

La pili, kila jioni usimwulize, "Umepata ngapi?" Mwulize, "Leo umeandika nini? Nisomee." Akisoma, mwambie akueleze kwa Kinyambo. Akiweza kueleza, ameelewa. Akishindwa, amenakili. Hiyo ndiyo mizani yako, wala haihitaji kujua herufi hata moja.

La tatu, mpe kazi za kweli. Ukienda dukani, naye aandike orodha. Ukiletewa dawa kutoka zahanati, asome maandishi ya kasha. Ukiwa na jamaa wa mbali, aandike salamu zako kama ulivyozisema, kisha akusomee kabla ya kuzipeleka.

La nne, mpatie nafasi. Mtoto atumwaye maji, kuni na ng'ombe mpaka giza likaingia hana wakati wa kalamu. Nusu saa ya mwanga wa jua ni zawadi isiyokugharimu hata senti.

Nasi walimu tukumbuke doa lile. Kila tukiingia darasani na kuona vichwa vyote vimeinama na kalamu zote zaenda, tusifurahi upesi. Tumwendee mtoto mmoja, tuweke kidole juu ya neno moja daftarini mwake, tumwulize kwa upole, "Hapa umesema nini?" Akiinua uso akatueleza, na akaongeza hata lile ambalo hakuliandika, basi tujue kazi yetu inakwenda. Akiinama, tufute ubao, tuanze tena kwa kusema.

Hapa ndipo mwisho wa mazungumzo yetu. Kwaherini.